Mawe ya Ndarugu na kuta za matumbawe: ukarabati wataka teknolojia ipi?

Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekuwa yakigeuka maghorofa. Mawe ya Ndarugu hukatwa kwa mashine, hupangwa kwa saruji na nondo, na jengo hupanda haraka. Baadhi ya mafundi ninaokutana nao huku ni vijana wetu wa Pwani waliokuja kutafuta riziki.

Sina ugomvi na ujenzi huo. Wasiwasi wangu ni pale ufundi wa Ruiru unaporudi Mombasa au Lamu na kuingizwa ndani ya nyumba ya kale kama ulivyo.

Nyumba za Mji wa Kale ni matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu na kuutoa. Plasta ya chokaa huupisha, ya saruji huuziba. Unyevu wenye chumvi ukikosa njia hubaki ndani, na jiwe humomonyoka nyuma ya plasta inayong'aa. Nondo nazo, kwa hewa ya bahari, hushika kutu, huvimba na kupasua zege.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini ufa wa ukuta wa chokaa ukiuziba kwa saruji, huenda ukuta ukaujenga vilevile.

Je, tuikatae teknolojia mpya? La hasha. Kule Kilwa Kisiwani, wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliyapima magofu kwa mashine za leza. Hiyo ndiyo teknolojia tunayoihitaji kwanza: ya kujua ukuta umeinama wapi na maji yanaingilia wapi, kabla fundi hajashika nyundo.

Na hatari si ya kuta peke yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Watu wawili walifariki. Jengo la kale likiguswa, roho za watu zimo ndani.

Hata Thika ina ya kwake. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka 1908, ipo kati ya maporomoko ya Chania na Thika. Jiwe la huko si tumbawe, na dawa yake si ile ya Lamu. Kila jengo lipimwe kwa asili yake.

Tuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, na Lamu imo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Lakini sheria haimlipi fundi. Chokaa huchukua muda kukauka, na mwenye nyumba, mara nyingi mjane au warithi wengi wasio na kitu, huchagua saruji kwa sababu ipo duka la jirani.

Kwa hivyo serikali za kaunti na Makumbusho ya Taifa wasiishie kukataza. Wawasaidie wenye nyumba gharama ya chokaa na upimaji, na wawalipe wazee mafundi waliobaki wafundishe vijana. Kijana akipata mshahara kwa kupiga chokaa kwao, hatalazimika kuja Ruiru kupanga mawe.