Ikweta pekee haitoshi

Julai 2023 roketi kubwa ya Ulaya, Ariane 5, iliruka mara ya mwisho kutoka Kourou, Amerika ya Kusini, baada ya kurushwa mara 117 tangu 1996. Wanafunzi wangu wa Carama wakauliza: kwa nini kule? Kourou iko karibu na ikweta. Mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi.

Nasi je? Karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano walirusha setilaiti kwa roketi za Kimarekani za Scout, kati ya 1967 na 1988. Tangu hapo, kimya. Tulikuwa na mahali. Ufundi ulikuwa wa wageni.

Nilisoma ukimbizini. Najua mahali hupotea, elimu haipotei. Serikali itupatie maabara za fizikia shuleni.