Dubu wa Moscow Katika Kijaluba cha Mama

Yamkini katika kijaluba cha mama, baina ya herini iliyopoteza mwenzake na vifungo vya kanzu ya marehemu babu, imelala beji ndogo yenye sura ya dubu aliyefunga mkanda wa pete tano. Huyo ni Misha, aliyechorwa na Viktor Chizhikov kuwa nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Ni michezo ile ile ambamo Filbert Bayi alitunukiwa medali ya fedha kwa mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hizo zilikuwa medali za kwanza za Olimpiki kwa Tanzania.

Je, akibisha hodi mnunuzi wa vitu vya kale, umjibu nini?

Kwanza, ipime beji kiganjani. Iliyo nyepesi mno aghalabu ni alumini iliyopakwa rangi. Iliyo nzito huenda ikawa shaba. Beji za Misha zilitengenezwa kwa wingi sana, basi usitazamie utajiri katika madini yake.

Pili, igeuze. Tazama kama pini yake ni nzima, na kama pana chapa ya kiwanda. Nambari 925 ni alama ya fedha, 375 ni dhahabu ya karati 9, na 750 ni ya karati 18. Hata hivyo chapa huweza kughushiwa. Mwenye kukata shauri ni sonara mwaminifu. Sumaku nayo isikudanganye: haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba wala alumini pia.

Tatu, usiisugue kwa jivu wala kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ukiondoa rangi yake ya asili, umeondoa na bei yake.

Wala jina la dhahabu lisikupumbaze. Medali za Olimpiki za dhahabu tupu zilitolewa mara ya mwisho Stockholm, mwaka 1912. Za siku hizi ni za fedha, zikapakwa dhahabu isiyopungua gramu 6.

Basi thamani hutoka wapi? Hutoka katika habari zake. Beji yenye picha au barua ya kuthibitisha nani aliivaa, wapi na lini, humvutia mkusanyaji kuliko ile isiyo na mwenyewe. Na habari hizo hazikuandikwa mgongoni mwa beji. Zimo vifuani mwa wazee wetu, nao hawatakaa nasi milele.

Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujapokea noti za mnunuzi, mketishe mzee wako, umwulize, uandike majibu yake katika karatasi, kisha uiweke karatasi hiyo pamoja na beji. Ukiamua kuuza baadaye, utauza ukijua unachouza.