Jina Letu Angani

Likizoni tulikuwa Timau kwa kaka yetu. Baridi ya Mlima Kenya ilitukusanya sote chumba kimoja, na watoto wakang'ang'ania tamthilia ya Star Trek hadi Maghribi ikakaribia kuwapita. Tukaizima kwa hasira, nia yetu iwe marufuku kabisa.

Baada ya sala binti yetu akatuuliza, kwa adabu, iwapo twamjua Luteni Uhura, afisa mweusi wa chombo kile cha angani. Jina lake limetokana na neno letu, uhuru. Tamthilia ilianza 1966, miaka mitatu baada ya bendera yetu kupandishwa. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba alitaka kuacha, Martin Luther King akamsihi abaki.

Siku hizi ni sala kwanza, kisha sehemu moja. Na wanaowahi kutandika miswala, tukiri, ni sisi wazee.