Maji ya Rembe Si Kioja

Zikitajwa ajabu za kale huku Arua na Koboko, hakosekani wa kumtaja Rembe, yule Mkakwa aliyewanywesha watu maji ya Yakani. Husimuliwa kama kioja: eti washamba waliamini bunduki zitatoa maji. Wasikilizaji hucheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Tutazame wakati wenyewe. Tangu miaka ya 1890, homa ya uti wa mgongo iliua watu na sotoka ikamaliza ng'ombe. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Mwaka 1910 ikatiwa Sudani, mwaka 1914 ikahamishiwa Uganda. Wenyeji hawakuulizwa. Ikaja na kodi. Maji ya Rembe yaliahidi nini? Anywaye hatakufa, wafu na ng'ombe watafufuka, kodi haitalipwa, bunduki za serikali hazitadhuru. Ziweke ahadi hizo kando ya maafa hayo, utaona kila moja inajibu jambo. Wakoloni walielewa upesi: Rembe aliuawa Yei mwaka 1917.

Kinjikitile wa Ngarambe naye aligawa maji, naye akanyongwa mwaka 1905, mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Huyo tunamsoma katika tamthilia ya Ebrahim Hussein na kumwita shujaa. Kwa nini Rembe aitwe mchawi? Je, ni kwa sababu hakupata mwandishi? Basi tuache kucheka, tukawaulize wazee wetu wangali hai, tumwandike.