Jumapili, Vitabu 27 na Swali la Nani Aamue

Ukisimama kando ya mkutano wa hadhara wa Wasabato, iwe Musoma au Kisii, hutachelewa kusikia changamoto hii: nionyesheni aya moja inayoamuru kuitakasa Jumapili. Walokole na Walutheri waliopo huanza kupekua Biblia zao. Wanaipata Matendo 20, waumini wamekutana siku ya kwanza ya juma kuumega mkate. Wanaipata Ufunuo 1, inayotaja siku ya Bwana. Zote ni habari za kilichotendeka, amri haimo. Mhubiri anatabasamu, kisha anamalizia: basi mnaifuata Roma.

Mimi Mkatoliki naona mhubiri huyo ana hoja nzito kuliko wengi wanavyotaka kukiri. Anayesema anafuata Biblia peke yake, na kila Jumapili asubuhi anakwenda ibadani, tayari anaishi kwa mapokeo. Kanisa Katoliki halijawahi kudai kwamba kila jambo la imani sharti liwe na aya yake. Yustino Mfiadini, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, anasimulia Wakristo walivyokusanyika siku ya jua: masomo yanasomwa, kiongozi anawaasa, mkate na divai vinaletwa, mchango unakusanywa kwa ajili ya yatima, wajane na wafungwa. Wakati huo Wakristo hawakuwa na orodha moja ya vitabu vya Agano Jipya waliyokubaliana wote. Ibada ilikuwapo kabla ya orodha.

Orodha hiyo ndiyo inayomfikisha hata Msabato kwenye mlango ule ule wa mapokeo. Nani alimwambia kwamba vitabu ni 27? Hakuna kitabu ndani ya Biblia kinachovitaja vyote. Makanisa mengine ya zamani yalisoma kitabu cha Mchungaji wa Herma, kisichokuwa miongoni mwa hivyo 27, na huko Mashariki wengi walikitilia shaka kitabu cha Ufunuo kwa muda mrefu. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu hivyo 27, bila kuzidi wala kupungua, iko katika barua ya Pasaka ya mwaka 367, na mwandishi wake ni Athanasio, askofu wa Aleksandria. Sinodi ya Karthago ikaithibitisha mwaka 397. Misri na Tunisia ya leo, kwa hiyo. Anayedhani kila kitu kilipikwa Roma aitazame ramani.

Martin Luther mwenyewe alijaribu kulifungua upya jambo hili. Katika Agano Jipya lake la Kijerumani la 1522, ukurasa wa yaliyomo unavipa namba vitabu 23. Chini yake, vimetengwa bila namba, Waebrania, Yakobo, Yuda na Ufunuo. Leo Walutheri wa Moshi na Bukoba wanavisoma vyote 27 bila kusita. Kwenye hili mapokeo yalimshinda Luther ndani ya kanisa lake mwenyewe.

Mprotestanti makini atajibu kwamba Kanisa halikuvipa vitabu hivyo uungu wake, lilivitambua tu. Sawa kabisa, na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha hivyo hivyo mwaka 1870: ni vitakatifu kwa kuwa Mungu ndiye mtunzi wake, wala si kwa sababu Kanisa limevipitisha. Lakini kutambua nako kunaweza kukosewa. Ukiuamini utambuzi ule wa karne ya 4 kiasi cha kuweka roho yako juu yake, umekwisha kukubali kwamba Roho Mtakatifu aliliongoza Kanisa katika uamuzi ambao haumo katika maandiko. Nani basi alikuambia kwamba uongozi huo ulikoma hapo?

Tena orodha haimalizi ugomvi. Oktoba 1529, mjini Marburg, Luther na mwanamageuzi mwenzake Zwingli walikaa meza moja wakitafuta umoja. Wote wawili walilijua Neno, wote waliomba, na walikubaliana karibu hoja zote zilizoandikwa. Wakakwama kwenye Ekaristi. Luther alikuwa ameyaandika kwa chaki juu ya meza, kwa Kilatini, maneno ya Yesu kuhusu mwili wake, na hakutaka kusogea hata inchi. Zwingli aliyasoma maneno yale yale akaona ishara. Hapakuwa na wa tatu wa kuamua, na hawakuungana.

Kila jumuiya inayodumu hatimaye humpata huyo wa tatu. Wasabato wana mafundisho ya msingi 28, mojawapo likiwa limeongezwa na Konferensi Kuu yao mwaka 2005. Siwabezi kwa hilo. Wamefanya linalopaswa kufanywa. Ninachoomba ni kwamba Mkatoliki asishutumiwe kwa kukiri wazi kile ambacho wengine wanakifanya pia.

Mamlaka ya kuamua katika Kanisa Katoliki nayo yana mipaka zaidi kuliko inavyosemwa vijiweni. Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya 1965, inasema kwamba mamlaka fundishi hayako juu ya Neno la Mungu, yanalitumikia. Papa kutokosea hakumaanishi kwamba hatendi dhambi, wala kwamba kila anachowajibu waandishi wa habari ndani ya ndege ni imani. Tangu fundisho hilo la kutokosea litangazwe mwaka 1870, tamko rasmi la papa lisilokosea limetolewa mara moja, mwaka 1950, kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Paulo alimkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia, na Petro akabaki Petro.

Lipo pingamizi moja ambalo nukuu za kale haziliondoi. Maaskofu waliohamisha mapadre wanyanyasaji kutoka parokia hadi parokia walifanya hivyo kwa mamlaka haya haya, na watoto ndio walioumia. Kusema kwamba kutokosea katika mafundisho si sawa na uadilifu katika utawala ni kweli, ila kwa aliyeumizwa ni maneno makavu. Mwaka 2019 Papa Francisko alitoa Vos estis lux mundi, sheria inayowabana mapadre na watawa kutoa taarifa na kuwaweka maaskofu wenyewe chini ya uchunguzi. Mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu. Ilichelewa mno. Hata hivyo askofu ana jina, jimbo na mkubwa wake, na leo mwamini wa parokia yoyote anaweza kuandika barua ya mashtaka dhidi yake akijua itakwenda wapi. Wako wahubiri wengi kando ya barabara zetu ambao waumini wao hawana pa kuipeleka barua kama hiyo.