Picha ya Kiwavi Ikitoka na Ukungu

Mkulima wa mahindi wa Ntimaru akimshuku kiwavi, hana haja ya kumbeba chupani hadi kwa afisa wa kilimo. Humpiga picha akaituma kwa WhatsApp. Shida ni picha yenyewe. Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa Kenya mwaka 2017, wana rangi nyingi, kuanzia kijani hadi karibu nyeusi, kwa hiyo rangi haimtambulishi mdudu. Kinachomtambulisha ni alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Kamera ikitikisika kidogo tu, madoa manne huwa doa moja. Ushauri unaotolewa kuhusu mtikisiko huo, mwingi ni wa kuuza vifaa.

“Nunua simu yenye pikseli nyingi.” Pikseli hazishiki mkono. Zikiongezeka, huonyesha mtikisiko uleule kwa ufasaha zaidi.

“Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, basi.” Hapa pana nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayoharibu picha. Stendi hutuliza kamera, haitulizi jani. Chukua mfano wa kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa upana, pikseli 6,000, na lenzi inayompiga picha kiwavi kwa ukubwa wake halisi: upepo ukisogeza jani nusu milimita, picha imehama pikseli zaidi ya 80. Basi funga shina la mhindi kwenye kijiti kwa kamba, au kata jani pamoja na kiwavi wake ulipeleke mezani. Afadhali zaidi, toka alfajiri, upepo haujaamka na kiwavi bado hajajificha katikati ya majani machanga. Stendi nayo ina mambo yake. Udongo uliolimwa huzama, kwa hiyo kandamiza miguu mpaka ikatae kushuka, na usiinue nguzo ya katikati. Kidole pia hutikisa. Tumia kipima muda cha sekunde mbili. Kamera za zamani zenye kioo ndani hutikisika kioo kinapopanda, na athari huonekana hasa kati ya sekunde 1/30 na nusu sekunde. Inua kioo kwanza, subiri, kisha piga.

“Lenzi ya milimita 100, sekunde 1/100 inatosha.” Kanuni hiyo ni ya kupiga picha za watu na milima. Ukiwa karibu hivi, kamera haiinami tu, inahama pia juu, chini na pembeni. Ndiyo maana Canon walipotoa lenzi yao ya milimita 100 ya vitu vidogo mwaka 2009, waliiwekea kitulizi kinachosahihisha kuinama na kuhama pia. Kuyumba mbele na nyuma hata hiyo haikukusahihisha.

“Punguza tundu la lenzi hadi f/22 upate kina.” Kwa ukubwa halisi, f/22 hufanya kazi kama f/44 hivi: mwanga unakauka, shata inachelewa, na mwanga wenyewe unatawanyika kwenye tundu dogo. f/8 au f/11 yatosha.

“Flashi huua picha.” Dai hili nalipinga kuliko yote. Flashi ndogo ikipunguzwa nguvu huwaka kwa muda mfupi kuliko sekunde 1/10,000, na hakuna mkono wala jani linalowahi kusogea katika muda huo. Sharti ni moja: mwanga wa jua upungue, ili flashi ndiyo ichore picha. Ukali wake huondoka ukiweka karatasi nyeupe mbele ya taa.

Kuna na hili jipya: “Programu ya Nuru itatambua yenyewe.” Nuru, iliyoundwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na FAO, husaidia kweli, tena bila intaneti. Lakini husoma uharibifu kwenye jani, na jani huliona kupitia kamera ileile inayotikisika. Afisa wa kilimo akiomba ushahidi, mtumie picha mbili: ya uso na ya mkia.