Cheti na Haki ya Mjane

Vijana wetu wa Unguja na Pemba watakao kuwa wasaidizi wa sheria sasa huweza kusoma kwa intaneti. Hatupingi, mkaazi wa Kojani nauli ya mjini humwelemea. Lakini masomo yaliyotungwa London hayamfundishi kijana fungu la mjane mbele ya Kadhi: thumuni marehemu akiacha watoto, robo asipoacha. Akikosea, anayedhulumiwa ni mjane. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 inataka watoaji wa msaada huo wasajiliwe. Basi kabla ya kulipa ada, ulizeni Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria. Nao wakuu wa Idara tunawataka wabandike orodha ya mafunzo yanayokubalika katika ofisi ya kila sheha.